Alokesheni ya Baba Mdogo

Baba mdogo wangu alijua Kiingereza cha maneno mawili, na kwa maneno hayo mawili aliigawa dunia nzima. Walikuwapo watu waliopata mali kwa "alokesheni", yaani yeye na rafiki zake. Na walikuwapo waliopata mali kwa "luti", yaani wengine wote. Alikuwa mtunza stoo wa jeshi kabla ya kustaafu, mtu wa Koboko kama ukoo wetu mzima, na darasa la nne hakulimaliza. Lakini neno alokesheni alilitamka taratibu, midomo ameiviringa kama mtu anayepuliza chai ya moto. Nililichukia neno hilo kabla sijajua maana yake, kwa sababu nilimchukia mwenye kulisema.

Nilikaa kwake mjini Arua miaka yangu ya shule ya msingi, kwa kuwa baba yangu mzazi alihamishwa kambi hadi kambi na mama alikuwa ameshafariki. Duka lake lilikuwa limejengwa na Mhindi muuza vitambaa. Serikali ilipowafukuza Wahindi, maduka yao yalipewa watu, ndiyo alokesheni yenyewe, na baba mdogo, kwa kumjua afisa mmoja aliyemjua mwingine, akapewa hili. Alipewa pamoja na nyumba ya nyuma, vitanda, vikombe vya chuma, na bembea pana ya mbao iliyoning'inia barazani kwa minyororo. Huko Kampala watu wa namna hiyo waliitwa mafuta mingi, yaani walionenepa ghafla kwa mali ya bure. Kwetu hakuna aliyethubutu kumwita hivyo usoni, maana alikuwa bado anavaa buti za jeshi dukani.

Biashara hakuijua hata ya karanga. Mwanzoni alikuta mabunda ya vitambaa hadi darini. Zile nguo ndefu za wanawake wa Kihindi, zenye pindo za dhahabu, alizikata vipande vya leso. Karatasi za mitindo, ambazo fundi huzifuata akikata gauni, alizifungia sukari. Bunda likiisha hakuleta jingine. Aliuza tu, kama mtu anayechota maji kisimani na kuamini kisima hakina mwisho. Nilipofika darasa la tano, kwenye rafu zile nzuri za mvule kulikuwa na sabuni, chumvi, na jora moja la bitana nyeusi ambalo hakuna aliyelitaka. Mteja akiuliza vitambaa viko wapi, baba mdogo alijibu kwa huzuni ya mfanyabiashara mkubwa, "Wahindi waliharibu biashara ya hapa."

Kwenye fremu ya mlango wa chumba nilicholala kulikuwa na alama za penseli, moja juu ya nyingine, na kando ya kila alama maandishi ya Kihindi. Mtu alikuwa akipima urefu wa watoto wake. Mama mdogo, mke wa baba mdogo, alipiga deki nyumba nzima na kufuta kuta, lakini fremu ile aliipita kila mara na kitambaa mkononi. Siku moja nilimwuliza baba mdogo alama zile ni za nani.

"Hakuna mutu," alisema. "Nyumba ilikuwa tupu. Mimi napewa nyumba tupu."

Alikuwa ameketi kwenye bembea yao, akinywa kwenye kikombe chao.

Mwaka wa sabini na tisa serikali ikaanguka. Askari wa kwetu walirudi mbio kutoka kusini, wakapita Arua kuelekea Koboko na mpakani, na nyuma yao wakaja Watanzania. Wa kwanza kulifungua duka la baba mdogo hawakuwa Watanzania. Walikuwa wenzake wa zamani wa stoo. Walikuja mchana na Landrova, wakamkumbatia, wakamwuliza hali ya watoto, wakanywa chai ya mama mdogo hadi birika likaisha. Kisha wakapakia redio, cherehani, magunia ya chumvi, na minyororo ya bembea. Mbao za bembea walimwachia. Walipowasha gari, baba mdogo alisimama wima barazani akawapigia saluti. Niliona kwa macho yangu. Mpaka leo nikisikia watu wakimsifu mtu kuwa ana nidhamu ya kijeshi, huwa naikumbuka saluti ile.

Tulikimbilia Koboko kwa nyanya yangu, mama yake baba mdogo. Tulikaa huko siku chache, kisha baba mdogo akakumbuka zile rafu za mvule. Akatuchukua mimi na mama mdogo, tumbebee, tukarudi Arua tukitembea na kupanda lori pale dereva alipokubali. Mji ulikuwa kimya kwa namna isiyopendeza. Milango ya maduka ilikuwa wazi, na watu wa vijiji vya karibu walikuwa wakiingia mikono mitupu na kutoka vichwa vizito, bila haraka, kama watu wa sokoni.

Mlangoni kwetu tulikutana na bibi mmoja akitoka. Tulimjua. Aliishi nyuma ya maduka, alikuwa mpika pombe, na kwa miaka yote baba mdogo alikuwa akimfukuza asikae na mtungi wake barazani. Kichwani alikuwa amebeba rafu.

"Luti!" baba mdogo alipiga kelele. "Mwizi wewe! Watu ya luti!"

Bibi alisimama, lakini rafu hakuitua.

"Hii mbao, wewe nanunua wapi?" alimwuliza.

"Mimi napewa na serikali! Hii iko alokesheni!"

"Serikali gani?"

Serikali ya baba mdogo ilikuwa imekimbia nchi.

"Basi na mimi leo napewa alokesheni," bibi akasema. "Toka njiani, mafuta mingi, shingo inauma."

Nilicheka. Sikuweza kujizuia. Baba mdogo, ambaye hakuwa amemgusa bibi yule hata kwa kidole, alinigeukia mimi akanizaba kofi. Mama mdogo aligeuza uso ukutani, na mabega yake nikayaona yakitikisika. Nilidhani analia. Baadaye njiani aliniambia kuwa hakulia hata kidogo.

Wala sisemi bibi yule alikuwa mtu wa kusifiwa. Rafu zile zilikuwa kazi ya seremala wa kweli. Alizikata kuni akapikia pombe, na watu waliokunywa pombe hiyo walipigana barabarani kama kawaida yao. Mji ulijaa watu wa aina hiyo wakati ule, kila mmoja na sababu yake safi ya kubeba kitu kisicho chake.

Mwaka uliofuata vita vilirudi vikali zaidi, na safari hii askari wa serikali mpya, waliokuja kulipiza kisasi kwa watu wa kwetu, hawakuchagua nani alikuwa askari na nani alikuwa mkulima. Tukavuka mpaka pale Oraba, tukaingia Sudan upande wa Kaya, tukaenda mbele zaidi. Mwenye shamba mmoja, Msudani tusiyemjua, alitupeleka kwenye pori lake, akaonyesha kwa fimbo: kutoka mti huu mpaka kijito kile, limeni. Hakutaka chochote. Mama mdogo na mimi tulilima. Baba mdogo alikaa kivulini akiwasimulia wakimbizi wenzake habari za duka lake, na duka lilizidi kukua kila msimu. Kufikia mavuno ya tatu lilikuwa na ghorofa.

Kulikuwa na shule ya misheni iliyotupokea watoto wa wakimbizi, na mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa Msudani mwembamba mwenye kikohozi cha tumbaku. Alitufundisha kwa Kiingereza na kutukemea kwa Kiarabu cha Juba. Alikuwa na kamusi nene iliyotoka mgongo, aina ile inayoeleza kila neno lilizaliwa wapi, na alikuwa akiipenda kuliko alivyotupenda sisi. Siku moja alituambia kila mtu alete neno la nyumbani kwao. Wenzangu walileta maneno ya Biblia na ya mpira. Mimi nilileta yale mawili.

"Loot," alisoma, kidole juu ya ukurasa. "Hili si la Waingereza. Ni la India. Wenyeji wa kule walikuwa na neno lao la kunyang'anya mali vitani, Waingereza wakalisikia, wakalipenda, wakarudi nalo kwao pamoja na mali yenyewe."

"Kabla ya hapo walikuwa hawaibi?" niliuliza.

"Waliiba vizuri tu. Walikuwa na maneno yao ya wizi. Hata 'plunder' walilitoa kwa Wajerumani. Lakini India ilikuwa kubwa, maneno ya nyumbani hayakutosha."

Darasa lilicheka. Yeye hakucheka. Akafungua kurasa za mwanzo akatafuta la pili.

"Allocate. Hili ni la Kilatini, limevaa tai. 'Locus' ni mahali. Kwa hiyo kuliweka jambo mahali pake. Humo humo ndimo lilimotoka 'local', la wenyeji. Na 'allow', kuruhusu, nusu ya damu yake imetoka huko huko." Alifunga kamusi. "Sasa tazameni tofauti. Ukisema fulani ame-loot, lazima mtu aulize, kamwibia nani? Neno lina watu wawili ndani yake, mmoja anakimbia na mwingine analia. Ukisema fulani ame-allocatiwa, nani analia? Hayumo. Kuna kitu, kuna mahali pa kukiweka, basi. Aliyekuwa pale zamani ameondolewa kwenye sentensi."

Nilikaa na jambo lile kichwani siku nzima. Niliwaza kuwa sisi kwa Kiswahili tunasema kugawa, na mtu hugawa kilicho chake. Mama anagawa ugali alioupika. Mtu akigawa kilicho cha jirani, hatusemi amegawa, tunamwita jina lake halisi. Waingereza walikuwa wametengeneza neno la kugawa cha jirani bila aibu, wakawaachia maafisa wetu, na maafisa wakaliwahi kama posho.

Jioni nilimwambia baba mdogo. Nilikuwa na miaka ya kudhani kwamba mtu akielezwa jambo ataelewa.

"Baba, lile neno lako la luti ni la Kihindi. Limetoka India."

Uso wake uling'aa. Sikuwahi kumwona akifurahia elimu yangu namna ile.

"Unaona?" akamwambia mkewe. "Hata neno wao ndio nalileta. Wizi iko kwao."

Mama mdogo aliendelea kuchambua maharage. Mimi nilitoka nje nikaenda kukaa kijitoni.

Miaka ya themanini ikielekea katikati, vita vya Sudan vikatufuata shambani, tukarudi Koboko, na kutoka Koboko baba mdogo akarudi Arua kutazama mali yake. Duka halikuwa na bati, milango wala madirisha. Fremu zote zilikuwa zimeng'olewa. Ndani kulikuwa na majani ya kufika kiunoni, na katika chumba cha nyuma, chini ya turubai, aliishi mjane na watoto wake, akiuza samaki wakavu. Baba mdogo alimpa siku moja atoke. Yule mama aliuliza kwa upole kama angeweza kukaa hadi mvua ziishe.

"Hii iko alokesheni yangu," baba mdogo alimjibu, na kumbe neno lile lilikuwa limehifadhiwa vizuri ukimbizini kuliko kitu kingine chochote tulichokuwa nacho.

Mjane akatoka na turubai lake. Duka likaezekwa kwa mabati ya msaada tuliyopewa wakimbizi tunaorudi, mabati yaliyokusudiwa nyumba ya nyanya kule Koboko. Nyanya alimalizia maisha yake chini ya paa la nyasi. Duka likafunguliwa upya na bidhaa zake zilezile, sabuni na chumvi.

Mimi nilisomea ualimu, nikapata kazi ya kufundisha Kiingereza shule moja ya Arua. Nilipanga chumba upande wa Onduparaka, ambako Jumapili zilikuwa za kelele za mpira hadi jioni, na kelele zile nilizipenda kuliko sauti ya mtu mmoja niliyemjua. Kwa baba mdogo nilikwenda sikukuu tu, kwa ajili ya mkewe.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya tisini, redio ikatangaza kwamba Wahindi waliofukuzwa wanaweza kurudi na kudai majumba yao. Baba mdogo alitembea mwenyewe hadi chumbani kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mhindi akija, wewe utasema na yeye Kiingereza," aliniambia. "Mueleze kabisa. Mimi si mutu ya luti. Mimi iko alokesheni. Wewe mwalimu, unajua hii maneno."

"Nayajua sana," nilimjibu. Hakusikia nilivyoyasema.

Aliyekuja alikuwa mwanamke. Alikuwa wa rika langu, amevaa suruali na viatu vya kutembelea, nywele fupi, pamoja na karani wa halmashauri aliyekuwa akijifuta jasho. Nilisimama karibu na baba mdogo nikiwa nimepanga sentensi zangu za Kiingereza. Baba mdogo alikuwa amevaa koti. Mwanamke yule alitazama juu kwenye mabati, akatazama chini kwenye sakafu, kisha akasema kwa Kiswahili cha Arua, kilekile cha sokoni kwetu:

"Jambo, mzee. Habari ya hapa? Mimi nazaliwa hii nyumba."

Baba mdogo alinitazama kama mtu aliyepunjwa. Alikuwa amejiandaa kufukuzwa kwa Kiingereza.

Mwanamke aliingia ndani bila kungoja, nasi tukamfuata. Alikwenda moja kwa moja hadi chumba kile, akasimama penye uwazi usio na mlango, akapitisha kiganja juu ya matofali.

"Hapa ilikuwa na fremu," alisema. "Baba alikuwa anatupima."

"Nyumba ilikuwa tupu," baba mdogo akadakia. "Mimi napewa tupu."

"Alama zilikuwapo," nikasema. "Za penseli. Nilizikuta, nikalala karibu nazo miaka mingi."

Alinigeukia. Kwa muda mfupi alikuwa na uso wa mtu aliyerudi nyumbani, na nilimhurumia kwa moyo wangu wote. Nikamwambia nilikuwa nikijilinganisha na alama ya juu kabisa na sikuwahi kuifikia. Akasema hiyo ilikuwa ya kaka yake.

Baba mdogo hakuvumilia kuona watu wawili wakizungumza bila yeye.

"Mimi natunza nyumba yako," alianza. "Watu ya luti nakuja, nabeba yote, mbao, milango, yote. Nani narudisha bati? Mimi. Sasa asante yangu iko wapi?"

"Lut," mwanamke alirudia, akatabasamu bila furaha. "Mzee, hilo neno ya kwetu. Bibi yangu alikuwa anasema hivyo akiona bei kubwa sokoni. Lut, lut." Kisha tabasamu likaondoka. "Lakini hii mahali si yako, na si ya serikali ile kukupa. Iko ya babu yangu. Babu alipewa kiwanja na D.C. mwenyewe, Mwingereza. Ilikuwa pori tu. Hapakuwa na mutu."

Watu walikuwa wamekusanyika barazani, kama wanavyokusanyika Arua penye maneno. Mmoja wao alikuwa yule bibi mpika pombe, sasa mzee wa kutembelea fimbo, ila sauti ilikuwa ileile.

"Pori?" alisema. "Mama yangu alilima wimbi hapa, ulezi wa uji. Hapa unaposimama. Walikuja na kamba, wakapima, wakamwambia vuna upesi utoke."

Karani alijifuta shingo. "Bibi, hayo mambo ya zamani sana. Hayatuhusu leo."

"Basi anipe chumba kimoja cha mbele, niuze pombe yangu," bibi akasema, na hapo ndipo ilipojulikana kilichomleta. Wimbi la mama yake lilikuwa kweli, sina shaka. Lakini alikuwa amelileta sokoni.

Nilimtazama mwanamke aliyezaliwa katika nyumba ile. Nilingoja aulize jina la mama yule, au aulize tu kamba ilipita wapi. Alitazama saa yake ya mkono. Akamwuliza karani, kwa Kiingereza sasa, kama kuna mahali pa kutia sahihi. Na uso wake ulikuwa uso wa baba mdogo kabisa, sawasawa, uso wa mtu aliyepewa nyumba tupu. Huruma yangu ilikauka pale pale. Sikuwa nimejua kwamba inaweza kukauka upesi hivyo.

Hakukaa. Alimuuzia nyumba mfanyabiashara wa malori anayepeleka bidhaa Oraba, kabla hata ya kupaka rangi, na sikusikia tena habari zake. Bibi hakupata chumba. Mfanyabiashara aliijaza nyumba magunia hadi mlangoni. Baba mdogo alipakia sabuni zake na koti lake akarudi Koboko, akisema amedhulumiwa na dunia. Mabati yale alitaka kuyabandua usiku na mkewe akakataa kushika ngazi.

Kule Koboko, mama mdogo ndiye aliyekuwa na akili ya biashara, tangu zamani, na hakuna aliyekuwa amemwuliza. Alianza kukaanga mandazi na samaki pale Oraba, kwa madereva na wabadilisha fedha. Kikaango chake kilimlisha mumewe, kikajenga nyumba ya matofali, bila kupewa na mtu yeyote. Mumewe alikaa mbele ya nyumba hiyo akiwaambia wapita njia kuwa ni yake.

Wakati huo Wasudani walikuwa wakivuka kwa maelfu, wakikimbia vita vyao, na wakuu wa eneo waliwaonyesha mahali pa kujenga, baadhi yao pembeni mwa shamba la marehemu nyanya yangu. Siku moja, nikiwa nimekwenda kumsalimia mama mdogo, nilimwona kwenye ukingo ule mzee mwembamba akichimba mashimo ya nguzo, akipumzika kila mara kukohoa. Alikuwa mwalimu wangu. Kamusi ilibaki kule, aliniambia, pengine kuna mtu anafungia karanga. Tulishikana mikono kwa muda mrefu.

Nyuma yetu baba mdogo alikuwa amefika na fimbo yake.

"Luti!" alipiga kelele. "Watu ya Sudan nakuja kufanya luti kwa shamba ya mama yangu!"

Mwalimu alimpungia mkono kwa adabu, akaendelea kuchimba. Mimi nilimwendea baba mdogo. Nilikuwa mtu mzima sasa, na mwalimu.

"Baba, sisi tulilima kwao miaka mingapi? Tulilipa nini?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayemwona msomi asiyejua jambo la wazi.

"Ile ilikuwa alokesheni," alisema.

Sikubishana naye tena maisha yake yote. Siku ile nilimsaidia mwalimu kusimamisha nguzo mbili, mama mdogo akatuletea samaki na chai, akakaa nasi chini akimwuliza mgeni habari za watu wa kijiji chetu cha ukimbizini, nani yu hai na nani hayupo. Mwenye shamba aliyetuonyesha mpaka kwa fimbo alikuwa ameuawa. Mama mdogo akainuka akaenda kuleta jembe lake zuri, lile la mpini mpya, akamwachia mwalimu.

Baba mdogo alipougua, mimi ndiye niliyempeleka hospitali ya Kuluva, kwa sababu mkewe aliniomba. Alilazwa kwenye wodi ya wanaume, karibu na dirisha. Kabla hajapanda kitanda aliuliza kwa nini mgonjwa wa pembeni amepewa blanketi mbili. Nilimfunika, nikamwekea maji karibu. Nilipokuwa nikiaga alinishika mkono, akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea:

"Umekula?"

Nilikuwa sijala tangu asubuhi, na chini ya kitanda kulikuwa na chungu cha uji wa mkewe.

"Nimekula," nilimwambia, nikatoka kwenda kutafuta gari la Arua.